Kelele za Maracanã: sauti ya Rush in Rio imelaumiwa bure

Lawama juu ya Rush in Rio, filamu ya onyesho la bendi ya Rush nchini Brazil, hazijabadilika tangu DVD yake ilipotoka Oktoba 2003. Mashabiki wanapiga kelele kupita kiasi, gitaa limezama, drams zinarudisha mwangwi. Wanaolalamika wana masikio mazuri, maana wanachokisikia kipo. Ninachokipinga ni hukumu inayofuata, kwamba mafundi wa sauti waliharibu kazi. Mafundi wa sauti ndio walioiokoa filamu ile. Palipoanguka ni kwenye chumba cha kuhariri picha, na huko walalamikaji hawaendi.

Kwa msomaji asiyewajua, Rush ni bendi ya watu watatu kutoka Toronto, Kanada: Geddy Lee anayeimba huku akipiga besi na kinanda, Alex Lifeson wa gitaa, na Neil Peart wa drams, aliyefariki Januari 2020. Muziki wao ni roki progresivu, yaani roki inayojengwa kama jumba la vyumba vingi. Wimbo mmoja unaweza kufika dakika 10 au 20, ukabadilisha mwendo mara kadhaa, ukatumia mapigo 5 au 7 pale ambapo muziki wa kawaida hutumia 4. Mwaka 1997 Peart alifiwa na binti yake, na 1998 akafiwa na mke wake. Bendi ikanyamaza. Waliporudi mwaka 2002 na albamu ya Vapor Trails, wengi hawakuwa wametegemea kuwaona tena jukwaani, na ziara ya albamu hiyo ndiyo iliyowafikisha Brazil kwa mara ya kwanza. Walipiga Porto Alegre, wakapiga São Paulo mbele ya watu wapatao 60,000, idadi ambayo hawakuwahi kuipata kwenye onyesho lao wenyewe popote. Usiku wa Novemba 23, ziara ikafungwa kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mbele ya watu wapatao 40,000. Usiku huo ndio uliorekodiwa.

Sasa tuangalie kilichowakuta mafundi. Onyesho la São Paulo lilikuwa jana yake. Mvua ilinyesha, malori yakachelewa kufika Rio, na jukwaa lilipokamilika muda wa kupima sauti ulikuwa umekwisha. Mtu asiyefanya kazi hii anaweza kuliona hilo ni jambo dogo. Siyo dogo hata kidogo.

Kwenye onyesho linalorekodiwa, sauti ya kila maiki hugawanywa njia tatu. Moja inakwenda kwenye miksa ya ukumbini inayolisha spika za mashabiki, nyingine kwenye miksa ya pembeni ya jukwaa inayowasikilizisha wanamuziki wenyewe, na ya tatu kwenye mashine za kurekodi, kila maiki kwenye chaneli yake. Drams peke yake zaweza kula chaneli 15 au 20. Wakati wa kupima, fundi humwomba mpiga drams apige dramu la mguu peke yake, tena na tena, kwa nguvu ileile atakayotumia usiku, huku yeye akirekebisha kiasi cha sauti kinachoingia. Kisha dramu dogo, kisha matoazi, moja moja, mpaka chombo cha mwisho. Anatafuta mambo mawili. La kwanza ni kasoro: waya uliochomekwa chaneli isiyo yake, mngurumo wa umeme unaotokana na vifaa viwili kuunganishwa ardhini kwa njia mbili, maiki iliyokufa. La pili ni nafasi. Rekodi ya kidijitali ina dari ngumu, na sauti ikiigonga inapasuka kwa mkwaruzo usiofutika. Chini ya dari hiyo fundi huacha desibeli 18 au 20 kwa sauti ya kawaida, ili pigo kali la ghafla lipate pa kupanda.

Bila kupima, yote hayo yanafanywa kwa kukisia. Fundi mzoefu akikisia hukisia chini, kwa sababu sauti iliyoingia ndogo inaweza kukuzwa baadaye ikaja na uvumi kidogo, lakini iliyopasuka haiponi. Kisha wimbo wa kwanza unakuwa ndio kipimo chenyewe. Watu 40,000 wanashangilia mwanzo wa Tom Sawyer, na mtu kwenye mashine ya kurekodi anazungusha vitufe kimoja baada ya kingine. Kila anapozungusha, badiliko hilo linaingia kwenye rekodi na kubaki humo. Atakayechanganya sauti miezi kadhaa baadaye lazima alitafute sekunde kwa sekunde na kulirudisha kinyume, la sivyo dramu dogo litakuwa linakua na kupungua katikati ya ubeti bila sababu. Kazi hiyo iliwaangukia James Barton na Lifeson mwenyewe, na ukisikiliza nyimbo tatu za mwanzo kwa makini utatambua jinsi sauti inavyotulia taratibu. Hawakuificha hali hiyo, na nadhani waliamua vizuri.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa uwanja wenyewe. Maracanã ya wakati ule, kabla ya kubomolewa na kujengwa upya ndani kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, ilikuwa bado na paa lake la zege la mwaka 1950, limezunguka uwanja wote kama ukingo wa sahani. Zege halinyonyi sauti. Linairudisha. Na uwanja wa mpira ni mpana kiasi kwamba kinachorudi kinakuta kingine kimeshatoka.

Hesabu yake ni rahisi. Katika hewa ya joto sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde. Shabiki aliye mita 100 kutoka jukwaani anausikia wimbo umechelewa kwa sekunde 0.29. Akiimba pamoja nao, sauti yake inahitaji sekunde 0.29 nyingine kurudi jukwaani. Jumla ni sekunde 0.58, na kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo inazidi pigo zima. Kwa hiyo maiki moja iliyotegwa jukwaani ikielekea umati inawanasa wa mbele wakiwa sawa na bendi, wa katikati wakiwa nyuma, na wa mwisho wakiwa wamechelewa pigo zima.

Dawa ya kawaida ni kutega maiki za mashabiki jozi jozi, moja kwenye ukingo wa jukwaa, moja karibu na miksa ya ukumbini, moja juu kwenye viti vya nyuma. Ile ya mita 40 inachelewa kwa sekunde 0.116, takriban fremu tatu na nusu za video ya fremu 30 kwa sekunde. Fundi anaisogeza mbele kwa kiasi hichohicho kwenye kompyuta, na watu walio karibu na maiki hiyo wanakuwa sawa na drams. Hilo linawezekana. Kisichowezekana ni kuitenga sauti ya mashabiki na sauti ya spika, maana maiki ya mashabiki inasikia vyote viwili, pamoja na mwangwi wa paa. Ukiipandisha ili umati usikike, unapandisha pia nakala ya pili ya bendi, iliyochafuka, nyuma ya ile safi. Hapo ndipo gitaa linapozama.

Basi mchanganyaji alikuwa na njia mbili. Angeweza kuzifunga maiki za mashabiki wakati wote wa wimbo na kuzifungua kwenye makofi tu. Rekodi nyingi za jukwaani zimefanywa hivyo, na nyingine zimekwenda mbali zaidi, bendi ikarudia sehemu zake studioni. Matokeo yake ni safi na hayana mahali. Au angeziacha wazi na kulipa gharama ya drams zilizochafuka. Barton na Lifeson waliziacha wazi. Kwa nini nawaunga mkono? Sikiliza wimbo wa YYZ.

YYZ haina maneno hata moja. Jina lake ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, na mdundo wa mwanzo ni alama hiyohiyo kwa lugha ya simu ya upepo ya Morse. Y ni mstari, nukta, mstari, mstari. Z ni mstari, mstari, nukta, nukta. Mstari ukiupa vipande viwili na nukta kipande kimoja, Y inakuwa vipande 7, Y ya pili 7, Z vipande 6, jumla 20. Huo ndio mzunguko wa mapigo 10 ya nusu ambao bendi inaupiga mwanzoni, na ndiyo sababu mguu wako unapotea ukijaribu kuuhesabu kwa nne. Ni muziki ambao mtu angetegemea usikilizwe kwa kukunja mikono.

Rio waliuimba. Umati mzima ulilishika gitaa kwa koo, noti kwa noti, huku watu wakiruka pamoja uwanja mzima. Sijui rekodi nyingine ambamo ala tupu iligeuzwa wimbo wa hadhira kwa kiwango kile. Kufunga maiki pale kungekuwa kuondoa chombo cha nne cha bendi. Na ndiyo, ndani ya kelele ile matoazi yamechafuka. Yachafuke.

Tofauti yake kamili ni filamu ya bendi ya Kiingereza Pink Floyd kwenye magofu ya Pompeii, Italia, iliyoongozwa na Adrian Maben na kupigwa Oktoba 1971. Uwanja ule wa Kirumi ulijengwa yapata mwaka 70 kabla ya Kristo na uliweza kuketisha watu wapatao 20,000. Maben aliwataka wasiwepo kabisa. Bendi ilisafirisha vyombo vyake vyote vya ziara kutoka London, ikafika na kukuta umeme hautoshi, mpaka waya mrefu ukavutwa kutoka mjini. Ukimya wa mawe ukawaruhusu kurekodi sauti iliyo kavu na ya karibu, ambayo mwaka 2025 mwanamuziki Steven Wilson aliweza kuichanganya upya kwa ajili ya majumba ya sinema na ikasikika kama ya leo. Filamu zote mbili ni za kweli kwa mahali pake. Maben alipata utupu akaurekodi utupu. Wa Rio walipata umati, wakaurekodi umati.

Lakini Pompeii ina somo la pili, nalo linahusu picha. Filamu ya milimita 35 hula futi 90 kwa dakika. Kasha la futi 1,000, ambalo ni kubwa, linaisha kwa dakika 11. Wimbo wa Echoes una dakika 23 na zaidi. Hakuna kamera yenye kasha hilo ambayo ingeweza kuufuata wote bila kusimama. Kila mtu aliyekuwa nyuma ya kamera alijua filamu ni ghali na inakwisha, kwa hiyo kila mwendo wa kamera ulipangwa, na ulipoanza uliachwa ufike. Ndiyo maana kuna pale kamera inapotambaa polepole ikipita nyuma ya spika kwa muda mrefu bila kukatwa, na muziki unapata nafasi ya kupumua.

Kisha ajali ikasaidia. Baadhi ya mikanda ya picha za One of These Days ilipotea, na kilichobaki kwa wingi ni picha za Nick Mason kwenye drams. Mhariri hakuwa na la kufanya ila kukaa naye. Katikati ya wimbo fimbo moja inamponyoka, anachomoa nyingine na kuendelea bila pigo kuanguka. Kama mikanda ingekuwepo yote, huenda sekunde ile ingekatwa tukaonyeshwa vidole vya mtu mwingine. Ni sehemu bora ya upigaji drams katika filamu za roki za miaka ile, na ilipatikana kwa kukosa picha za kukatia.

Rio hawakukosa. Kanda ya video ya 2002 ilikuwa rahisi, kamera zilikuwa nyingi, na mhariri aliyekaa mbele ya wingi ule alikata kama mtu mwenye deni. Mara uso, mara taa, mara umati, mara kamera inayoruka juu ya vichwa, kisha uso tena. Mtindo huo ulitoka kwenye video za muziki za dakika tatu za runinga, ambako picha inaweza kwenda haraka kwa sababu muziki wenyewe unajirudia. Ukikosa ubeti wa kwanza utaupata wa pili. Muziki wa Rush haujirudii hivyo. Lifeson akipita kifungu fulani mara moja, kimepita, na kama wakati huo tulikuwa tunaangalia bendera kwenye viti vya nyuma, hatutakiona tena.

Kosa la kwanza la mikato ile ni la hesabu. Mhariri aliyezoea mapigo manne hukata kila baada ya mapigo manne au manane bila hata kufikiri, mkono wake umejifunza hivyo. Kwenye mzunguko wa 10 mkato wa kwanza utakaa sawa, wa pili utaangukia katikati ya Y, wa tatu popote. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu Morse ataona tu kwamba picha na sauti havishikani, na ataamini muziki ndio uliovurugika.

Kinga yake ni karatasi. Kabla ya kugusa picha, mhariri asikilize wimbo na kuandika ramani yake: sehemu ya kwanza, mapigo mangapi kwa mzunguko, mizunguko mingapi, nani anaongoza, nani anabadilisha chombo. La Villa Strangiato ya mwaka 1978, ambayo Rio inachukua kama dakika 10, ina sehemu 12, na kila moja ina jina lake. Ramani ya wimbo huo inajaza ukurasa mmoja. Ukiwa nayo, unaona kwamba kile kifungu tulivu cha katikati, ambapo gitaa linakua kutoka kwenye kunong'ona juu ya mzunguko wa mapigo saba, kinahitaji labda picha nne au tano kwa jumla. Kinaanza kidogo na kupanda bila haraka. Anayekata hapo kila sekunde tatu anamwambia mtazamaji kwamba tumeshafika kileleni, wakati Lifeson bado yuko bondeni akipanda.

Kosa la pili ni la macho. Hawa ni watu watatu wanaotoa sauti ya watu sita. Siri iko miguuni. Geddy Lee akiwa amebanwa na besi mikononi na maikrofoni mdomoni, sauti za kinanda anaziita kwa kukanyaga pedali zilizopangwa sakafuni, na Lifeson ana za kwake. Rush walishikilia kanuni kwamba kila sauti iliyohifadhiwa kwenye mashine iamshwe na mmoja wao kwa wakati wake, bila kanda ya kuwasindikiza. Kwa hiyo kamera ndogo iliyowekwa chini ikiangalia miguu ya Geddy ina thamani kuliko kamera tatu za kwenye mikono ya kreni. Bila picha ya mguu kwa wakati wake, mtazamaji anasikia kinanda kinalia, anaona mikono yote miwili ikiwa kwenye besi, na anahitimisha kwamba ametapeliwa. Filamu inatuonyesha miguu, lakini kwa kudokoa, na mara nyingi baada ya sauti kuwa imeshaanza.

Jambo lingine la jukwaani linalostahili maelezo, kwa sababu picha hazilielezi, ni zile mashine za kukaushia nguo nyuma ya Geddy. Mpiga besi wa roki huwa na ukuta wa makabati ya spika mgongoni. Geddy kufikia ziara hiyo alikuwa anapeleka besi moja kwa moja kwenye miksa, hana haja ya kabati. Pengo lililobaki akalijazia mashine zinazozungusha fulana, ambazo mashabiki waliishia kurushiwa. Kwa fundi wa sauti huo ni ukarimu mkubwa. Kabati la besi likinguruma jukwaani, mngurumo wake unaingia kwenye kila maiki ya drams, na kwenye uwanja wenye mwangwi ule, usiku usio na kupima sauti, besi ingekuwa tope. Besi ya Rio ndicho chombo kinachosikika wazi kuliko vyote, na sababu ni hiyo.

Drams za Peart ni sura ya pekee. Zilimzunguka pande zote, upande mmoja ngoma za kawaida, upande wa pili za kielektroniki, juu ya jukwaa dogo linalozunguka ili upande anaoupiga ukabili watu. Onyesho lake la peke yake, lililoandikwa kwenye albamu kwa Kireno kama O Baterista, linakaribia dakika 9, na limepangwa kama insha: linaanza na ngoma zenyewe, linageuka kwenda kwenye sauti za kielektroniki, linarudi, na linaishia kwenye mdundo wa swing wa bendi kubwa za jazz za Marekani. Katikati yake Peart anabadilisha jinsi ya kushika fimbo ya mkono wa kushoto, kutoka mkono uliofunika kwenda mkono uliolala wazi wa wapiga jazz. Aliujenga upya ushikaji huo miaka ya 1990, akiwa tayari mtu mzima mwenye sifa dunia nzima, kwa kujifunza chini ya mwalimu Freddie Gruber. Badiliko lile lina maana kubwa kwa yeyote anayepiga ngoma. Linahitaji kamera moja tulivu upande wa kushoto, ikae.

Waliotengeneza DVD walilijua hilo. Kwenye diski ya pili waliweka nyimbo tatu ambazo mtazamaji anaweza kujichagulia kamera: YYZ, O Baterista na La Villa Strangiato. Zote tatu hazina uimbaji, na zote tatu ndizo ambazo mtu anataka kuona mikono. Kwangu mimi huo ni ungamo. Ukitazama YYZ kwa kamera moja usiyoibadilisha, kisha ukairudia kwenye filamu kuu, unapata somo zima la uhariri kwa dakika kumi. Noti ni zilezile na usiku ni uleule, lakini kwa kamera moja unaona jinsi kidole kinavyojiandaa kabla ya noti, na maandalizi hayo ndiyo yanayokufanya uhisi kwamba kitu kigumu kinafanyika mbele yako.

Ndani ya diski hiyo kuna pia filamu fupi ya safari yenyewe, The Boys in Brazil, ya Andrew MacNaughtan, aliyewapiga picha kwa miaka mingi. Inatazamika, hasa kwa nyuso za watatu hao wanapogundua kwamba nchi ambayo hawakuwahi kuikanyaga inajua kila neno lao.

Anayetaka kupiga filamu ya namna hii leo ana kamera bora kuliko zile, na simu yenye uwezo uliokuwa wa ndoto mwaka 2002. Ugumu umehama. Taa za jukwaani zinazowashwa na kuzimwa haraka huchora mistari kwenye kamera za sasa, ambazo husoma picha kwa mstari mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini. Kwetu Afrika Mashariki, ambako umeme unapiga mara 50 kwa sekunde, kamera iliyowekwa fremu 30 itaonyesha taa zikipepesa. Iweke fremu 25, na kila fremu ipate mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kamera zote zifungwe kwenye saa moja na mashine ya sauti. Kamera isiyofungwa inaweza kupishana na sauti kwa fremu kadhaa ndani ya saa moja, na kwenye onyesho refu midomo na fimbo zitaanza kuonekana zimechelewa kabla hujafika mwisho. Kama kufunga haiwezekani, piga picha ya pigo moja la dramu kali mwanzoni na jingine mwishoni, upate pa kulinganishia pande zote mbili. Na kamera mbili zisiguswe usiku kucha, moja pana ya jukwaa zima, moja ya miguu.

Ukiwa na albamu ya diski tatu ya usiku ule, mwishoni kuna nyimbo mbili ambazo hazikupigwa Rio. Between Sun and Moon ilichukuliwa Phoenix, Vital Signs ilichukuliwa jijini Quebec, zote mbili moja kwa moja kutoka kwenye miksa ya ukumbini katika ziara ileile. Hapo sauti ni kavu, kila chombo kimekaa mahali pake, gitaa halijazama popote. Mashabiki wanasikika kwa mbali, kama walioko upande wa pili wa ukuta. Zisikilize kwanza hizo. Halafu rudi kwenye YYZ, pandisha sauti, na usubiri mahali gitaa linapoingia na watu 40,000 wanapoingia nalo.